Mazoezi ya akili ya kumtoa mtu kitini: yapi yanafanya kazi, yanafanywaje, na watu hukosea wapi

#1 MguuMbele

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa kazi. Siku hizi ni nadra kumpata mtu mzima ambaye hajasikia kwamba mazoezi yanasaidia presha, sukari, uzito na usingizi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilitaja hadi kiwango: dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 mpaka 150 za mwendo mkali, pamoja na kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Wanaojua ni wengi, na wanaokusudia ni wengi vilevile. Kinachokwama ni pale katikati, baina ya kukusudia na kuvaa raba. Hapo ndipo mazoezi ya akili yanapofanya kazi, na naomba tubaki hapo.

Zoezi ninaloliweka mbele ya mengine yote ni la mwanasaikolojia Gabriele Oettingen, likiunganishwa na kazi ya mwenzake Peter Gollwitzer. Lina hatua nne, na ukikaa mahali tulivu halizidi dakika 10. Tumchukue mwalimu wa shule ya msingi Morogoro anayefika nyumbani saa kumi na nusu jioni.

Kwanza, tamanio. Liwe moja tu, la wiki 4 zijazo, gumu kidogo lakini linalowezekana. "Kutembea kwa kasi dakika 30, siku 4 kwa wiki" ni tamanio. "Kuwa na afya" si tamanio, maana hakuna siku utakayosema nimelifanya au sijalifanya.

Pili, tokeo. Ukifanikiwa, ni jambo gani moja zuri kuliko yote litakuja? Mwalimu wetu anasema: kupanda ngazi za shule hadi ghorofa ya pili bila kusimama kuhema. Basi afumbe macho dakika nzima alione hilo tokeo, alisikie mwilini.

Tatu, kikwazo kilicho ndani yake. Hapa ndipo wengi hupotea. Jibu la kwanza huwa "sina muda". Usilipokee haraka. Uliza: na zile siku muda unapokuwepo, ni nini kinatokea? Hapo ukweli hutoka: "Nikifika nakaa kwenye kochi nishushe pumzi, nashika simu, nikija kushtuka magharibi imeingia." Kikwazo ni ile dakika ya kukaa. Afumbe macho tena dakika nzima akione: kochi, simu, ule uzito wa miguu.

Nne, mpango wa "nikifika hapa, nitafanya hivi". Mfano: "Nikigusa kitasa cha mlango wa nyumbani, nitaweka mkoba mezani na kuvaa raba kabla sijakaa popote." Auseme kwa sauti mara tatu, kisha auandike.

Mpangilio usigeuzwe. Tokeo linatangulia, kikwazo kinafuata. Ukianza na kikwazo ndipo uende kwenye tokeo, akili haifungi vile viwili pamoja na nguvu ya zoezi inapotea. Pia mpango usiwe wa kukataza. "Nikifika sitakaa" unamwachia mtu picha ya kukaa. Mwambie atafanya nini badala yake.

Mwaka 2009 Gertraud Stadler, Oettingen na Gollwitzer walichapisha matokeo ya zoezi hili kwa wanawake 256 wa Ujerumani wenye umri wa miaka 30 hadi 50. Wote walipewa maelezo ya faida za mazoezi, lakini nusu wakaongezewa hatua hizi nne. Walioongezewa walifanya karibu saa 1 zaidi kwa wiki, na tofauti hiyo ilikuwepo bado baada ya miezi 4.

#2 KijanaWaSinza

Mkuu uzi umetulia. Ila nina swali. Mbona kuna walimu wa hamasa wanatuambia tufumbe macho tujione tumeshakonda, tumeshakuwa na kifua, halafu mwili utafuata? Hilo la kikwazo si linamvunja mtu moyo?

#3 MguuMbele

KijanaWaSinza, swali lako ndilo kitovu cha jambo lote.

Kujiona umeshafika, peke yake, kunapunguza nguvu ya kuanza. Mwaka 1991 Oettingen na Thomas Wadden walifuatilia wanawake 25 wanene kwenye mpango wa kupunguza uzito. Waliokuwa na ndoto tamu kuhusu mwili wao wa baadaye walipungua takriban kilo 11 pungufu ya wale ambao ndoto zao zilikuwa na ugumu ndani yake. Angalia vizuri: wale walioamini kwamba wanaweza walipungua zaidi. Kuamini kulisaidia, kuota ndiko kulikodhuru. Baadaye, mwaka 2011, Heather Kappes na Oettingen walipima presha ya watu waliokuwa wakiota mambo mazuri, ikaonekana namba ya juu ya presha inashuka. Yaani mwili unalegea kana kwamba kazi imekwisha.

Kwa hiyo kikwazo hakimvunji moyo mtu ambaye tamanio lake linawezekana. Kinamwamsha. Lakini ukimpa tamanio lisilowezekana, mfano kukimbia kilomita 21 mwezi ujao wakati hajatembea hata kilomita 2, zoezi hilihili litamfanya akate tamaa, na litakuwa limefanya kazi yake sawasawa. Ndiyo maana tamanio la wiki 4 lipunguzwe mpaka mtu mwenyewe aseme "hili naliweza".

Jambo jingine la kuweka sawa. Hamasa tupu huongeza nia lakini haibadili miguu. Uingereza mwaka 2002 Sarah Milne na wenzake waligawa wanafunzi wa chuo makundi matatu. Kundi lililosoma kijikaratasi cha kutisha kuhusu ugonjwa wa moyo, waliofanya mazoezi makali angalau mara moja wiki iliyofuata walikuwa asilimia 35. Kundi lisilopewa chochote, asilimia 38. Kundi lililosoma kijikaratasi kilekile kisha likaandika siku, saa na mahali litakapofanyia, asilimia 91. Sentensi moja ya kuandika! Nikiona mabango ya "Fanya mazoezi uepuke magonjwa" yasiyo na nafasi ya mtu kuandika lini na wapi, huwa naumia.

#4 FundiWaViungo

Salaam wadau. Niongeze upande wa kufanya mazoezi kwa kuwazia, maana kwenye tiba ya viungo tunaitumia na watu huichanganya na hizo ndoto tamu. Hapa huwazii matokeo. Unawazia tendo lenyewe, kwa mwendo wake, kwa maumivu yake madogo.

Namna ya kulifanya inafuata mambo ambayo Paul Holmes na Dave Collins waliyapanga mwaka 2001. Nayaeleza kwa kazi ya kutembea:

Vaa raba na nguo utakazotembea nazo. Simama, usilale kitandani. Ukiweza, simama mlangoni au kwenye ngazi ya nje unapoanzia.

Tazama kwa macho yako mwenyewe, si kama unajitazama kwenye video. Uone vidole vya raba vinavyokuja mbele, geti, kona ya kwanza, mti uliopo pale.

Sikia mwili: kisigino kinagusa chini kwanza, mikono inapishana na miguu, paja linavuta kwenye kimlima, joto linapanda kifuani, pumzi inaongezeka. Usiruke sehemu ngumu.

Muda uwe uleule wa kweli. Kipande cha dakika 2 kiwaziwe dakika 2. Kipimo chake ni rahisi: tembea kweli kutoka mlangoni hadi geti ukihesabu sekunde, rudi, kisha fumba macho uwazie safari ileile ukihesabu tena. Hesabu mbili zikikaribiana, unawazia sawa. Ukitumia sekunde 40 kwa miguu na 12 kwa mawazo, umeruka njia. Rudia polepole.

Maliza kwa kuondoka. Kuwazia dakika 2 hadi 3, kisha fungua macho na piga hatua ya kwanza palepale. Ukiwazia halafu ukakaa, unafundisha mwili kukaa baada ya kuwazia.

Upande wa nguvu za misuli ushahidi upo. Guang Yue na Kelly Cole mwaka 1992 walionyesha kwamba kuwazia kukaza msuli wa kidole kidogo, bila kukitikisa, kuliongeza nguvu kwa asilimia 22, na waliokaza kweli walipata 30. Misuli haikunenepa; ubongo ndio uliojifunza kutuma amri yenye nguvu zaidi. Mwaka 2014 Brian Clark na wenzake kule Ohio waliwafunga watu kifundo cha mkono kwa wiki 4. Waliobaki hivyo walipoteza karibu asilimia 45 ya nguvu, waliokuwa wakiwazia kukaza mkono siku 5 kwa wiki walipoteza karibu asilimia 24. Kwa mgonjwa aliyewekewa plasta hilo si dogo.

Ila tusidanganyane. Kuwazia hakutunishi mapafu, hakushushi sukari baada ya kula wali, hakuchomi mafuta. Mtu mzima asiye na jeraha anawazia ili aanze, basi.

#5 BintiWete

Ahsante sana kaka FundiWaViungo kwa maelezo. Swali langu: kuna watu ukiwaambia wafumbe macho waone geti wanakwambia hawaoni kitu, giza tupu. Hao wafanyeje? Au hawajitahidi?

#6 FundiWaViungo

Dada, wanajitahidi sana. Kuna watu ambao akili zao hazitengenezi picha kabisa, na tangu 2015 daktari Adam Zeman wa Uingereza alipolipa jambo hilo jina, limechunguzwa vya kutosha. Kumsukuma mtu wa aina hiyo "ajaribu tena" ni kumtesa.

Mpe njia tatu nyingine. Ya kwanza ni maneno: aseme kwa sauti, hatua kwa hatua, "navaa raba ya kulia, nafunga kamba, navaa ya kushoto, nasimama, nafungua mlango." Ya pili ni mwili: afanye mwendo mdogo wa kweli, kuhamisha uzito mguu wa kulia kwenda wa kushoto mara 20 papo hapo alipo. Ya tatu ni kuandika. Mistari 6 inatosha, ikieleza dakika 5 za kwanza tu. Mpango wa "nikifika hapa, nitafanya hivi" nao hauhitaji picha yoyote, kwa hiyo hao hawajaachwa nyuma.

#7 KochaMchakamchaka

Wakuu, mmegusa kuanza. Nizungumzie dakika 10 za kwanza, maana mtu anaweza kutoka nyumbani vizuri halafu akaapa hatarudi tena.

Mwaka 2011 Matthew Ruby na wenzake wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, waliwauliza watu kabla ya mazoezi: utayafurahia kiasi gani? Baada ya mazoezi wakawauliza: umeyafurahia kiasi gani? Karibu aina zote za mazoezi, watu walikadiria chini. Sababu waliyoipata ni kwamba mtu akifikiria mazoezi, akili inaganda kwenye ule mwanzo mgumu na kuusahau mwili unapopata moto. Walipoambiwa waanze kwa kitu wanachokipenda, au wafikirie zoezi zima badala ya mwanzo wake tu, makadirio yakapanda na nia ikapanda.

Zoezi la akili linalotokana na hapo: kila mwanachama mpya wa klabu apewe karatasi yenye safu mbili. Kabla ya kuanza anaandika namba 0 hadi 10, "nadhani nitafurahia kiasi hiki". Akimaliza, kabla hajanywa maji, anaandika namba ya pili. Baada ya mara 6 keti naye, soma safu zote mbili pamoja naye. Usimhubirie. Namba ni zake.

Sasa, karatasi hiyo inaweza kumgeuka kocha. Namba ya pili ikiwa ndogo kuliko ya kwanza mara 2 mfululizo, mwendo ni mkali mno kwake. Mtafiti wa saikolojia ya mazoezi, Panteleimon Ekkekakis, ameandika sana kuhusu hili: ukishavuka kiwango ambacho pumzi haikamatiki, karibu kila mtu anajisikia vibaya, na hakuna wimbo wala maneno ya hamasa yatakayofunika hilo. Akili inaweza kusaidia chini ya kile kiwango. Juu yake mwili ndio unaozungumza.

Mchakamchaka wetu una kipimo cha bure. Mwanzishaji anatoa mstari, kundi linapokea. Anayeweza kupokea kibwagizo lakini asingeweza kuanzisha wimbo mzima yuko kwenye mwendo wa wastani. Anayeweza kuanzisha wimbo wote bila shida anaweza kuongeza kasi. Aliyenyamaza, punguza. Kosa la klabu nyingi za joging ni kupanga mwendo kwa kumtazama mwanzishaji, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye pumzi kuliko wote. Mtazame anayepokea nyuma kabisa.

Na mwisho wa zoezi uwe mwepesi. Zachary Zenko, Ekkekakis na Dan Ariely mwaka 2016 waliwapa watu baiskeli ya dakika 15. Walioanza na ugumu mkubwa ukapungua polepole walikumbuka zoezi kwa furaha zaidi kuliko walioanza kwa urahisi wakamaliza kwa ugumu. Kwa mtu mpya nisingemwanzisha na ugumu, nampasha misuli kwanza. Lakini ile tabia ya "dakika ya mwisho toa roho" tuiache kwa wanariadha. Dakika 5 za mwisho tembea, piga soga, malizia wimbo.

#8 NesiWaSukari

Shukrani kwa wote, ila naomba kupingana kidogo na bandiko la kwanza.

Kikwazo cha ndani ni sawa, lakini vipo vya nje ambavyo ni vya kweli. Barabara haina njia ya waenda kwa miguu. Giza linaingia mapema. Mama wa miaka 60 akivaa suruali ya mazoezi mtaani anapigiwa miluzi. Ukimwambia "kikwazo kiko ndani yako" unamlaumu kwa jambo asilolitengeneza. Kwa wagonjwa wetu wa sukari na presha hii huwafanya wasirudi kliniki.

Kinachofanya kazi kwa wazee ni maswali mawili ya namba. Baada ya salamu kamili, maana ukiruka shikamoo umeshapoteza kikao: "Mama, kutoka 0 hadi 10, jambo hili la kutembea lina umuhimu gani kwako?" Akisema 5, usiulize kwa nini si 9. Uliza "kwa nini 5 na si 2?" Swali la kwanza linamfanya ajitetee, la pili linamfanya ataje sababu zake mwenyewe kwa mdomo wake. Mbinu hii imetoka kwa wanasaikolojia William Miller na Stephen Rollnick. Kisha swali la pili: "Na unajiamini kiasi gani kwamba utatembea dakika 20 siku 3 wiki hii?" Chini ya 7, punguza mpango, usimwongezee hamasa. Dakika 10. Siku 2. Kuzunguka uani. Punguza mpaka afike 7.

Na kabla ya hayo yote, usalama. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari vya kundi la glibenclamide apime sukari kabla; ikiwa chini ya 5 mmol/L ale kwanza, ndizi moja inatosha, na abebe kitu kitamu mfukoni. Ikiwa juu ya 13.9 na anajisikia mgonjwa, asianze siku hiyo. Nyayo zikaguliwe kabla na baada, hasa kwa aliyepoteza hisia miguuni, kandambili hazifai. Presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, aonane na daktari kwanza. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi kukata kusiko kwa kawaida: asimame na aende hospitali. Hakuna zoezi la akili la kuvumilia dalili hizo, na naomba makocha walisikie hili.

#9 MguuMbele

NesiWaSukari, nakubaliana nawe. Nilipaswa kuitenganisha hatua ya tatu. Kikwazo cha nje kikiwa cha kweli, kazi ni kubadilisha mahali, saa au aina ya zoezi kabla hata ya kufika hatua ya nne. Mama wa miaka 60 anaweza kuvaa dira na raba akatembea na majirani wawili alfajiri kukishapambazuka, au akafanya kusimama na kukaa kitini mara 10, mapumziko, mara 10 tena, ndani kwake. Tukishaondoa cha nje, ndipo tunauliza: na sasa kilichobaki ni nini? Mara nyingi kinabaki kitu kidogo na chepesi kushughulikia.

Hilo la 7 kwenye kujiamini nalichukua moja kwa moja. Liwe mlango wa kuingilia hatua ya nne: kabla ya kuandika mpango, taja namba yako.

#10 MlinziWaBandarini (Mombasa)

Hamjambo. Mumetaja wenye kazi za mchana. Je, mtu wa shifti ya usiku, au aliyekaa mbele ya kompyuta siku kutwa? Akitoka kazini miguu haikufanya kitu lakini yuwahisi amechoka kama aliyebeba magunia.

#11 FundiWaViungo

Uchovu huo ni wa kweli, na umepimwa. Samuele Marcora na wenzake mwaka 2009 waliwapa watu kazi ngumu ya akili kwa dakika 90, kisha wakawapandisha baiskeli waendeshe hadi washindwe. Waliochoka akili waliacha mapema zaidi kuliko siku walipotazama tu filamu tulivu. Moyo na misuli havikuwa na tofauti. Kilichobadilika ni jinsi walivyouhisi uzito wa kazi: tangu mwanzo waliuhisi mkubwa zaidi.

Maana yake kwa vitendo: mtu wa shifti asipange zoezi gumu mara tu baada ya kazi. Akiweza, alifanye kabla ya kuingia kazini. Asipoweza, mpango uwe "Nikipanda daladala, nitashuka kituo kimoja kabla na kutembea" kwa mwendo wa kuzungumza, bila kujipima kasi. Ajue mapema kwamba dakika za kwanza atajihisi mzito na kwamba uzito huo hauko miguuni. Watu wakilijua hilo hawaghairi haraka. Na aliyekesha kabisa alale kwanza. Usingizi usitolewe kafara kwa ajili ya zoezi.

#12 KochaMchakamchaka

Niongeze silaha ya njiani: maneno ya kujiambia. Anthony Blanchfield, Marcora na wenzao (2014) walichukua watu 24, wakawafundisha nusu yao kuchagua maneno yao ya kujipa moyo kwa wiki 2. Hao walidumu kwenye baiskeli kwa asilimia 18 zaidi, na waliuhisi ugumu mdogo kuliko mwanzo.

Namna ya kuyatengeneza: mwanachama mwenyewe aandike maneno manne. Mawili ya katikati ya safari, wakati mwili umetulia, mfano "mwendo huuhuu", "mabega chini". Mawili ya mahali pagumu, mfano "una nguvu bado", "fika kwenye nguzo ile". Yawe mafupi kiasi cha kuingia kwenye hatua nne za miguu. Utafiti wa James Hardy na wenzake wa mwaka 2019 kwa waendesha baiskeli wa kilomita 10 ulionyesha kujisemesha kwa "wewe" kulileta kasi kubwa kuliko "mimi". Hivyo "unaweza" badala ya "naweza".

Hilo la nguzo lina kazi yake pia. Mtu aliyechoka akiangalia huku na huku, njia inarefuka. Mwambie achague kitu kimoja mbele, mita 50 hadi 100: mnazi, nguzo ya umeme, kibanda cha chipsi. Macho yabaki hapo mpaka afike, kisha achague kingine.

Yanayoharibika: maneno ya kocha yakichukua nafasi ya maneno ya mtu, maneno ya kujitukana ("wewe mvivu, sogea"), ambayo watu huyaona ya kiume lakini mtu mpya yanamkimbiza, na maneno yanayobadilishwa kila siku. Yale manne yakae wiki 2 nzima ndipo yabadilishwe.

#13 KijanaWaSinza

Je, ni kweli baada ya siku 21 inakuwa mazoea? Na ukikosa siku moja unaanza upya?

#14 MguuMbele

Hapana kwa yote mawili. Phillippa Lally na wenzake wa University College London (2010) waliwafuatilia watu 96 waliochagua tendo moja la kula, kunywa au mazoezi, walifanye kila siku baada ya jambo lilelile. Kwa mtu wa katikati kati ya hao ilikuwa siku 66 hadi tendo lijiendeshe lenyewe. Wa haraka 18, wa mwisho walikadiriwa 254. Na walipokosa siku moja, haikuleta tofauti ya maana.

Kinachoua ni ile siku ya pili, pale mtu anaposema "nimeshaharibu, nitaanza Jumatatu". Kwa hiyo kila mpango uwe na mdogo wake: "Nikikosa siku moja, siku inayofuata nitavaa raba na kutembea dakika 5 tu." Dakika 5, si kulipa deni la jana. Anayelipa deni kwa dakika 60 anaumia misuli na anakosa siku tatu.

Tarehe za kuanzia zina nguvu yake: mwanzo wa wiki, mwezi, mwaka. Hengchen Dai na wenzake (2014) waliona watu huenda jimu zaidi siku hizo. Zanzibar tarehe 1 Januari watu hujaa barabarani kwa mazoezi, na wengi wao hawaonekani tena. Ningependa siku kama hiyo kila mtu aondoke na karatasi yenye mpango wa tarehe 2.

#15 BintiWete

Nimelipenda hilo la karatasi. Sasa kwa kikundi cha kina mama 20, wengine hawasomi, linafanywaje? Nataka hatua kamili.

#16 NesiWaSukari

Dada, tenga dakika 20, wakiwa wameketi mkekani, kabla ya kutembea na si baada.

Dakika 3, eleza tamanio kwa mfano mmoja tu. Ukitoa mifano mitano watachagua wako. Kisha dakika 4 za kimya, macho chini: wawazie tamanio na tokeo, wewe unataja kila hatua kwa sauti ndogo na kunyamaza. Nyamaza kweli, dakika moja moja, hata kama kunaleta aibu. Viongozi wengi hujaza ukimya kwa hotuba na zoezi linakufa hapo.

Dakika 4, kikwazo. Hiki mtu amwambie mwenzake mmoja tu aliyeketi naye, kwa siri. Kikitajwa mbele ya kikundi kizima, wote watasema "watoto" na "kazi", maana mambo ya mume, uchungu wa magoti au aibu ya mwili hayasemeki mbele ya watu 20. Wewe usipendekeze vikwazo. Aliyetaja goti njoo uzungumze naye pembeni baadaye, huyo anahitaji kuangaliwa.

Dakika 5, mpango. Kwa asiyesoma, usitumie saa ya ukutani; tumia jambo analolifanya kila siku bila kukosa: "nikitoa salamu ya mwisho ya sala ya alfajiri", "nikimaliza kufagia uwanja", "nikitoka kuwasindikiza watoto shule". Amwambie mwenzake mara tatu, na mwenzake amrudishie neno kwa neno. Wakitofautiana, mpango haujakaa. Halafu achague alama ya kuweka mahali jambo hilo linapotokea: raba juu ya ufagio, au leso imefungwa kwenye kitasa.

Dakika zilizobaki waulizeni namba za kujiamini kwa vidole vya mikono miwili. Mwenye vidole chini ya 7 apunguze mpango palepale, mwenzake akimsaidia. Kisha wote wasimame na kutembea dakika 10 mara moja. Wiki inayofuata usiulize "nani ametembea?" Waulize wawili wawili: "mpango wako ulikuwa upi, na ulikwamia wapi?" Anayekwama mara 2 mahali palepale, abadilishiwe jambo la kuanzia, dakika zake ziachwe kama zilivyo.